Kufunga giaboksi ya gia tano kwenye Land Cruiser ya zamani: mwongozo kamili

Land Cruiser za 40 series (FJ40, FJ45, BJ40, HJ47) ambazo bado zinatembea Dar es Salaam nyingi zina injini nzuri na chesisi isiyo na neno. Kinachomchosha mwenye gari ni safari ndefu. Giaboksi ya gia nne inaishia kwenye 1.00, yaani injini na propela (shafti ndefu inayopeleka mzunguko kwenye ekseli) zinazunguka sawasawa, na nyuma kuna difu ya 4.11, yaani propela inazunguka mara 4.11 ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa matairi ya 7.50-16, mwendo wa kilomita 80 kwa saa unadai injini izunguke karibu mara 2,240 kwa dakika, na kilomita 100 zinadai karibu 2,800. Ukitoka Mbezi mpaka Chalinze namna hiyo, unafika masikio yanawaka na mshale wa mafuta umeshuka.

Dawa inayokaa bila kulikatakata gari ni H55F, giaboksi ya gia tano ya Toyota yenyewe, ya ukoo uleule wa H41 na H42 zilizomo kwenye 40 series. Ndiyo iliyofungwa kwenye Land Cruiser 75 series, yaani baadhi ya zile tunazoziita mkonga. Gia yake ya tano ni 0.845. Kwa tairi na difu zilezile, kilomita 80 zinashuka hadi mizunguko 1,890 hivi, na kilomita 100 hadi 2,360. Gia namba moja ni 4.84. Kama gari lako lina H42, ambayo namba moja yake ni 3.55, utapata pia gia nzito ya kutokea kwenye tope. Kama lina H41, yenye 4.92, huko chini hutaona tofauti.

Kuna mambo ambayo H55F haifanyi, na mteja aambiwe kabla hajatoa hela. Haiongezi nguvu. Injini iliyochoka kompresheni haitaibeba gia ya tano hata kwenye kilima kidogo; dereva atarudi namba nne kila dakika na faida yote ipotee. Mlima Kitonga utaupanda kwa gia ndogo kama zamani. Na gari ambalo kazi yake ni Ilala hadi Mbagala na kurudi halina sababu ya gharama hii.

Kununua giaboksi

Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Nunua seti nzima: giaboksi, transfa (boksi la nyuma ya giaboksi linalogawa mzunguko kwa ekseli ya mbele na ya nyuma), mikono yote miwili ya gia, flanji (bamba la kuungia propela), swichi ya taa ya rivasi, gia ya kebo ya spidomita, na bolti zake. Anayeuza giaboksi tupu kwa bei nafuu anakuachia kazi ya kutafuta vitu vidogo Kariakoo nzima, na mwisho wake utalipa zaidi.

Transfa ina sharti lake. H55F inakaa na transfa ya vipande viwili, ile ambayo mwili wake umegawanyika mbele na nyuma na kuunganishwa kwa bolti, iliyoanza mwaka 1980. Transfa za kabla ya hapo zina mwili wa kipande kimoja na hazikai kwenye H55F. Kwa hiyo kama gari lako ni la miaka ya 1970, hesabu transfa ndani ya bajeti tangu siku ya kwanza. Angalia pia namna 4WD (kuendesha magurudumu yote manne) inavyoingia. Zipo transfa zinazoingizwa kwa mkono na zipo zinazoingizwa kwa vakyumu (mvuto wa hewa). Kwa 40 series chukua ya mkono, usijiongezee mipira na vali.

Muuzaji atakuambia ni gia tano, nawe usibishane naye, hesabu. Weka alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na kwenye flanji ya nyuma. Transfa iwe kwenye high (mwendo wa kawaida). Ingiza gia ya tano, zungusha shafti ya mbele mara kumi kamili: flanji lazima izunguke karibu mara 11 na robo tatu au zaidi kidogo. Rudi namba moja: shafti ya mbele itazunguka chini kidogo ya mara tano ndipo flanji imalize mzunguko mmoja. Hesabu ikikataa, hiyo siyo H55F, hata kama imepigwa rangi na kuandikwa hivyo.

Sasa kagua uzima wake:

Fungua nati ya kumwagia oili uangalie sumaku yake. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande vyenye kona ni meno au beringi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa maana yake maji yameingia, na giaboksi iliyolala na maji ina beringi zenye kutu hata kama inazunguka vizuri dukani.

Shika shafti ya mbele uitikise juu na chini. Mchezo mdogo upo, kwa sababu ncha yake hubebwa na pailoti beringi, beringi ndogo iliyo kwenye tundu la krenki ya injini. Ikipiga kelele ya chuma kwa chuma, beringi ya mbele imekwisha.

Kisha fanya ukaguzi ambao wengi wanauruka. Fungua kifuniko cha nyuma cha transfa, pale panapofungwa PTO (kifaa cha kuchukulia nguvu, kwa mfano ya winchi). Utaona nati kubwa inayoshika gia ya transfa kwenye shafti inayotoka giaboksi. Shika ile gia, izungushe mbele na nyuma huku shafti imezuiwa. Meno ya shafti hii hulika sana kwenye magari ya kazi, kwa sababu mzigo wote wa gari unapita hapo. Ukiweza kuitoa gia, pitisha ukucha juu ya meno ya shafti: ukucha ukikwama kwenye ngazi, shafti imeliwa. Kuibadilisha ni kufumua giaboksi nzima, kwa hiyo ama bei ishuke sana ama uiache.

Dai risiti yenye jina na mahali alipo muuzaji, na mwandikiane muda wa kurudisha kama gia itagoma. Risiti hiyo pia ni kinga yako siku mtu akidai kwamba kifaa kiliibwa kwenye gari lake.

Vipimo kabla ya kufungua bolti hata moja

Gari lisimame kwenye matairi yake, mahali pa usawa, si kwenye jeki. Lala chini na rula ya chuma. Pima kutoka uso ambapo giaboksi inakutana na belhauzi (kasha linalofunika klachi) hadi katikati ya flanji ya nyuma ya transfa. Andika. Pima vivyo hivyo kwenye seti mpya iliyo sakafuni. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo transfa itakavyosogea nyuma, kwani gia ya tano inakaa nyuma ya giaboksi na inahitaji nafasi. Fanya hivyo pia kwa flanji ya mbele. Usikubali namba ya mtu mwingine, maana transfa yako ya zamani huenda siyo sawa na yake.

Halafu upande wa injini. Tumia belhauzi ya injini yako mwenyewe. Uso wa mbele wa ukoo huu wa giaboksi, unaokutana na belhauzi, ni uleule. Kinachotofautiana ni shafti ya mbele, kulingana na injini ambayo giaboksi ilitoka. Hakiki vitu vinne: klachi plati yako iteleze kwenye meno ya shafti bila kulazimishwa wala kuchezacheza, ncha ya shafti iingie kwenye pailoti beringi, rilizi beringi (ile inayosukuma klachi ikate) iteleze kwenye bomba la mbele la giaboksi, na urefu.

Urefu ndio unaovunja vitu. Pima kina kutoka uso wa nyuma wa belhauzi hadi mwisho wa tundu la krenki. Pima pia shafti inatokeza kiasi gani kutoka uso wa mbele wa giaboksi. Shafti iwe fupi kuliko kina hicho kwa angalau milimita 3, na wakati huohuo ncha yake iijaze pailoti beringi upana wote. Ikiwa ndefu itaigonga krenki. Beringi za krenki na za giaboksi zitakufa mapema na hakuna atakayejua kwa nini. Ikiwa fupi mno, ncha itaelea, na klachi haitakata. Pailoti beringi ya saizi isiyokubaliana si tatizo: wakerezaji wa mtaa wa Gerezani hapa Dar wanakereza bushi ya shaba kwa kipimo. Wapelekee shafti na tundu vimepimwa kwa vania (kipimo cha vernier), usiwapelekee makadirio.

Kushusha ya zamani

Toa betri. Toa viti na kile kifuniko cha bati cha katikati ya sakafu, kilichofungwa kwa bolti na skrubu. Kwa hewa ya chumvi ya huku, zinyunyizie dawa ya kutu jana yake, la sivyo utazikata. Mwaga oili ya giaboksi na transfa. Weka alama propela zote mbili na flanji zake kabla ya kuzifungua. Chomoa kebo ya spidomita, waya za rivasi na 4WD, na kebo ya hendibreki kama gari lako lina ngoma ya breki nyuma ya transfa. Silinda ya chini ya klachi ifungue uifunge kando kwa waya, isining'inie kwenye mpira wake, na mtu asiguse pedeli.

Kwenye 40 series maunti za nyuma za injini ziko kwenye belhauzi. Ukiiacha belhauzi mahali pake, injini haiendi kokote. Ukilazimika kuishusha, egemeza injini kwanza kwa jeki na ubao mpana chini ya sampo (bakuli la oili la injini).

Giaboksi na transfa pamoja zinazidi kilo mia. Tumia jeki ya giaboksi, au mnyororo na winchi kupitia mlangoni, na gari liwe juu ya stendi nne za chuma. Tofali na vipande vya mbao visitumike kabisa. Giaboksi inashikwa na bolti nne kwenye belhauzi. Ikishalegea ivute nyuma ikiwa sawa, isining'inie kwenye shafti.

Klachi

Badilisha vyote sasa: plati, plesha (bamba la springi linaloibana plati), rilizi beringi, pailoti beringi. Kurudi huku baadaye kwa sababu ya beringi moja ni kazi ya siku nzima. Flaiwili yenye mistari au madoa ya bluu ipelekwe ikanolewe. Angalia oili sili ya nyuma ya krenki. Ikiwa na unyevu, ibadilishe, maana tone moja la oili kwenye plati linatosha kuifanya klachi iteleze. Weka plati katikati kwa shafti ya zamani au kifaa cha kulinganishia, kisha kaza plesha kwa mzunguko wa msalaba, kidogokidogo.

Meno ya shafti yapake grisi nyembamba tu. Ikizidi, inatupwa kwenye plati.

Kupandisha H55F

Unganisha giaboksi na transfa chini, kwenye meza, siyo chini ya gari. Kati yake kuna oili sili inayotenganisha oili mbili. Ukiunganisha ukiwa umelala chali, meno ya shafti yataikata. Weka sili mpya, paka oili mdomo wake, funika meno ya shafti kwa utepe mwembamba wakati inapita, kisha utoe utepe. Ile nati kubwa ya nyuma iwe mpya. Ikaze, halafu ugonge ukingo wake uingie kwenye mfereji wa shafti ili isifunguke. Nati hii ikilegea, gia inatembea na meno yanaliwa kwa miezi michache.

Tengeneza vijiti viwili vya kuongozea kwa kukata vichwa vya bolti ndefu, na uvifunge kwenye matundu mawili ya belhauzi yanayotazamana. Giaboksi iwe namba nne. Ipandishe mpaka mstari wake ulingane na wa injini, isukume kwa mikono, na msaidizi azungushe flanji ya nyuma polepole ili meno yakutane na plati. Inatakiwa iingie kwa kusukuma tu. Ikibaki nafasi ya sentimita moja au moja na nusu, simama: ama plati haiko katikati, ama ncha haijaingia kwenye pailoti beringi. Usiivute kwa bolti. Ukifanya hivyo utapasua sikio la giaboksi au kupinda plati, na gari litaungua klachi kabla halijafika Ubungo.

Kama huna kitabu cha gari, bolti za milimita 10 za daraja 8.8 kaza kwa Nm 45 hadi 50, na za milimita 12 kwa Nm 80 hadi 85. Matundu yanayotokeza ndani ya giaboksi yawekewe silikoni kwenye nyuzi za bolti.

Propela

Transfa imerudi nyuma, kwa hiyo propela ya nyuma inafupishwa na ya mbele inarefushwa kwa kiasi kilekile ulichopima. Ikiwa tofauti ni ndogo, huenda sehemu inayoteleza ya propela ikaibeba. Hakikisha: gari likiwa kwenye matairi, sehemu hiyo ibaki na sentimita 2.5 hadi 3 za kuingia ndani, na ukiinua chesisi mpaka ekseli ining'inie, isichomoke.

Ikibidi kukata, mkerezaji akate upande mmoja tu, aingize bomba la ndani kabla ya kuchomelea, na apime kwenye lathe: ikizunguka isipinde zaidi ya nusu milimita. Yoki za ncha mbili (uma zinazoshika krosi, kiungo cha msalaba cha propela) zielekee upande mmoja. Zikipishana, gari litatetemeka na hakuna balansi itakayoponya. FJ40 fupi ina umbali wa milimita 2,285 tu kati ya ekseli, kwa hiyo propela yake ya nyuma ni fupi na kila sentimita inaongeza mlalo wa krosi. Pima pembe ya flanji ya transfa na ya difu; zisipishane zaidi ya digrii moja au mbili. FJ45 na HJ47 ndefu, zenye milimita 2,950, hazina shida hii.

Mikono ya gia na sakafu

Mkono wa transfa utahama kuelekea nyuma kuliko ule wa gia. Usikate bati kwa macho. Ingiza kila gia, chora mkono unakofika, uongeze sentimita mbili pande zote, ndipo ukate. Kumbuka ya tano iko kulia mbele na rivasi iko nyuma yake. Mkono ukigusa ukingo wa bati hata kidogo, gia ya tano haiingii hadi mwisho wake, na itakuwa inachomoka barabarani. Watu wengi wamefumua giaboksi nzima kwa kosa la bati. Ukingo upige mkunjo na upakwe rangi mara moja. Bati tupu Dar linaanza kutu wiki hiyohiyo.

Oili na pumzi

Giaboksi inakunywa karibu lita 5, transfa lita 2 na kidogo; nunua 8. Jaza mpaka oili ifike kwenye tundu la kujazia, gari likiwa limelala sawa. Tumia oili ya 75W-90 au 80W-90 ya daraja la GL-4. Duka litakupa GL-5 kwa kuwa ndiyo iliyojaa, lakini ile ni ya difu; dawa zake si rafiki wa pete za shaba za sinkronaiza. Na oili namba 140 ni nzito mno: asubuhi namba mbili itagoma kuingia.

Pumzi (vitundu vya kupumulia hewa) za giaboksi na transfa ziunge kwa mpira hadi juu, kwenye ukuta wa injini chini ya boneti. Wakati wa masika barabara zinazama, Jangwani ikiwa mojawapo. Giaboksi yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Mita mbili za mpira zinaokoa beringi zote.

Majaribio

Kwanza juu ya stendi: gia zote moja baada ya nyingine, kisha high, low na 4WD. Angalia uvujaji. Halafu barabara ya Pugu hadi Kisarawe, yenye kupanda na kushuka, ili uone kama gia inashika ikivuta na ikizuiwa na injini. Mwisho Kibaha na kurudi ukiwa kwenye gia ya tano. Linganisha spidomita na GPS ya simu, maana ukibadilisha transfa gia ya kebo inaweza kuwa tofauti. Kagua usawa wa oili kesho yake gari likiwa baridi, na ubadilishe oili ya kwanza kati ya kilomita 500 na 1,000.

Ikilalamika, sikiliza hivi. Mlio gia zote isipokuwa ya nne: beringi za shafti ya chini, kwa sababu kwenye ya nne mzigo unapita moja kwa moja bila kuigusa. Mlio wa ya tano peke yake: gia ya tano yenyewe. Ya tano kuchomoka: anza na bati la sakafu, ndipo ufikirie giaboksi. Kusaga ukiingiza rivasi: kanyaga klachi, subiri sekunde tatu, ikiendelea kusaga, klachi haikati, toa hewa kwenye mfumo wake. Mtetemo unaoanza kilomita 60 au 70 kwa saa: yoki au pembe za propela. Mgongano wa chuma ukiachia na kukanyaga mafuta: krosi kwanza, kisha meno ya shafti kwenye transfa. Na kama oili ya giaboksi inapungua bila kuvuja huku transfa ikifurika, au kinyume chake, ile sili ya kati imekatwa wakati wa kuunganisha. Hapo hakuna njia ila kuishusha tena.